Kwenda Lubumbashi Kuipigia Simu Kigoma

Tangu nirudi, hakuna anayepita mbele ya kaunta yangu bila kuegemea na kuuliza, "Papa Ngoy, ilikuwa namna gani kule?" Nimemsimulia fundi cherehani kipande, padri kipande, mama muuza samaki wa ndagala kipande, na sasa vipande hivyo vimekutana mtaani na kuzaa safari ambayo hata mimi siijui. Juzi nimesikia kwamba nilikula meza moja na waziri. Sikula na waziri yeyote. Basi naandika yote mara moja, msome, kisha mniache nifanye kazi. Kazi yangu, kwa wasionijua, ni kuunganisha simu hapa Kalemie. Simu yenyewe ilinyamaza zamani, lakini mshahara wa mtu wa simu unamtaka awepo mezani, nami nipo.

Kabla ya kupanda treni

Nchi tatu za Ulaya zilikaa, zikaangalia ramani, zikaona Kalemie na Kigoma zinatazamana juu ya ziwa bila kusemezana. Zikatuhurumia. Zikaanzisha mradi, zikauita Ziwa Moja, wa kutufungia simu mpya za kidijitali, ambazo tuliambiwa hazina waya wa kukatika. Mkutano wa kupanga jambo hilo ukawekwa Lubumbashi, kwa sababu Lubumbashi kuna hoteli. Kwa hiyo mimi, ambaye nikipanda boti ya wafanyabiashara nafika Kigoma kesho yake, niliitwa nipande treni kwa muda wa wiki nzima kuelekea upande mwingine, nikazungumze habari za Kigoma. Watu wa Kigoma hawakualikwa. Hakuna aliyeweza kuwapata kwa simu.

Habari ikatoka kwamba naenda Lubumbashi, na hapo mnajua wenyewe kilichofuata. Mtu akisafiri hapa kwetu, anabeba barua za mkono. Hakatai, na hampi barua mtu mwingine njiani; anaitia mkononi kwa mwenyewe, amtazame usoni, arudi na majibu. Hadi siku ya kuondoka nilikuwa na barua arobaini na mbili. Mkuu wangu wa kazi, aliyetoka kunisomea hotuba juu ya mawasiliano ya kisasa, alinivuta pembeni akanipa ya arobaini na tatu, ya shemeji yake wa Likasi.

Mtu mmoja tu hakuleta barua. Alikuwa Mama Feza, jirani yangu, mke wa rafiki yangu Sumaili. Sumaili alivuka kwenda Kigoma kununua vitenge, akasema wiki mbili, na sasa ulikuwa unakwisha mwezi wa tano tangu aondoke. Waliomuulizia kule walirudi na majibu mawili: mmoja alisema amemwona sokoni Ujiji, mwingine alisema amesikia kuna mtu wa Kalemie aliyezikwa. Mdogo wa Sumaili, jina lake Lwamba, alichagua jibu la pili. Aliitisha ukoo, wakakata shauri: isipofika habari ya hakika, Jumamosi ya mwisho ya mwezi watakaa matanga, Mama Feza atanyolewa nywele za ujane, na Lwamba atamrithi yeye pamoja na nyumba. Nyumba ni ya matofali na ina mabati mapya. Lwamba alikuwa amekwisha kupanda juu mara moja kuyahesabu, akasema anatafuta mahali panapovuja.

"Juu ya nini usivuke mwenyewe?" nilimuuliza Mama Feza.

"Nikitoka mu nyumba, watasema nimekimbia bwana. Nikirudi nitakuta Lwamba amelala mu kitanda. Hapana, Papa Ngoy. Wewe unaenda kule kwenye mashini yao. Uwaambie wapige Kigoma, waulize paka kitu kimoja tu: Sumaili iko muzima ao amekufa? Niko naomba ile tu."

Nilimwambia nitapiga. Nilisema kwa sauti ya mtu wa serikali, na nikijisikiliza nikaona aibu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kalemie hadi Kamina

Treni iliondoka siku ya pili baada ya siku yake, na hilo tulilihesabu kuwa imewahi. Nyunzu tulikula karanga za kuchemsha. Kabalo tulikula samaki wa mto Lualaba na bukari, ugali wetu, tukakaa siku moja na nusu tukingojea kichwa cha treni. Kosa langu kubwa lilitokea hapo. Niliwaambia abiria wenzangu kwamba mimi ni mtu wa simu.

Askari mmoja aliyekuwa akienda Kamina aliniwekea redio yake magotini. "Papa wa simu, hii haisemi tena. Utengeneze." Nilimweleza kwamba simu na redio ni kazi mbili. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji ya kunywa. Basi niliifungua redio, nikakuta mende, nikamtoa, na redio ikasema. Tangu hapo sikupumzika. Hadi Kabongo nilikuwa nimeletewa saa mbili, pasi ya mkaa ambayo haikuwa na ubaya wowote, na mama mmoja aliyetaka nimpigie mwanawe aliyeko Manono kwa kutumia chochote nilichokuwa nacho mfukoni. Barua nazo ziliongezeka. Nilishuka Lubumbashi na barua sitini na moja, harufu ya ndagala mwilini, na abakosti yangu ya mkutano, ile suti isiyovaliwa tai, imekunjika mahali pote isipokuwa pale palipotakiwa mkunjo.

Lubumbashi

Siku mbili za kwanza nilizunguka mji kwa miguu nikitia barua mikononi mwa wenyewe. Mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo, hakuna nilioukosa. Kila nyumba ilinikalisha na kunilisha. Nilijibu maswali juu ya wagonjwa wa Kalemie, ndoa za Kalemie na bei ya samaki wetu wa migebuka. Siku ya tatu nikaenda kwenye mkutano, kusikia kwamba eneo letu halina mawasiliano.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine hadi meno yaligongana. Mbele palikuwa na ramani kubwa yenye taa ndogondogo: nyekundu kwa mji usiounganishwa, kijani kwa uliounganishwa. Kalemie ilikuwa inawaka kijani. Niliitazama kwa muda mrefu. Nikanyoosha mkono, nikauliza taa ile inamaanisha nini, maana simu yangu haijalia tangu kabla watoto wangu wa mwisho hawajaanza shule.

Mkurugenzi aliyetoka Kinshasa alinikazia macho. Lakini mtaalamu wa kizungu, Bwana Olaf, mtu mrefu mpole aliyetokwa na jasho hata kwenye baridi ile, alifungua faili akanionyesha karatasi. Ilikuwa fomu yangu mwenyewe! Kila miezi mitatu huletwa fomu: Je, kituo kipo? Naandika ndiyo. Je, vifaa vipo? Ndiyo. Je, mtumishi yupo? Ndiyo, na ninatia saini. Hapakuwa na mahali pa kuandika kama simu inalia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiiwasha taa ya kijani kwa kalamu yangu mwenyewe, huku nikiwalalamikia wakubwa. Nilikaa chini.

"Ni lazima fomu iulize kama watu wamesemezana kweli," nilisema nikiwa nimekwisha kukaa. Bwana Olaf aliandika hilo kwenye daftari lake kwa uangalifu mkubwa.

Baada ya chakula (kuku, wali, na kitu cha kijani ambacho hakuna aliyekigusa) wakatuonyesha mashine. Ilikuwa sanduku jeupe lenye simu mbili. Moja mezani kwa Mkurugenzi, nyingine chumba cha pili kwa msaidizi wake. Mkurugenzi akapiga. Msaidizi akaitika, "Allo! Citoyen Directeur, nakusikia vizuri sana!" Sisi pia tulimsikia vizuri sana, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ukumbi ukapiga makofi, wawakilishi wa zile nchi tatu wakapeana mikono, na mpiga picha akawaomba warudie.

Nilimwendea Bwana Olaf pembeni, nikamweleza habari za Mama Feza, zote, pamoja na mabati. Masikio yake yalikuwa mekundu nilipomaliza. Alinishika mkono hadi kwenye ofisi ya hoteli, tukaomba Kigoma. Simu ilitoka Lubumbashi ikaenda Kinshasa, Kinshasa ikaturusha Ulaya, na Ulaya akaja mama mmoja mwenye adabu aliyetuambia tungoje Dar es Salaam. Tulingoja hadi chai ikapoa mara mbili. Mama yule akarudi, akasema Dar es Salaam inaitika, lakini njia ya kutoka hapo kwenda Kigoma imejaa, tujaribu Jumatatu. Tulijaribu Jumatatu. Tukajaribu na Jumanne. Mara ya mwisho mama wa Ulaya alikuwa ananijua kwa jina, akaniuliza kama mke wa rafiki yangu hajambo. Sauti yangu ilikuwa imekwenda pande mbili za dunia, na ziwa la siku moja ikashindwa kulivuka. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za hoteli nikiwa na abakosti yangu, na machozi yakanitoka mbele ya mlinzi.

Wakati wa kuagana Bwana Olaf alikuja na bahasha, uso umemwiva kwa haya. Alikuwa na mwenzake misheni ya Kalemie na teleksi yao ilikuwa imekufa. Je, ningeweza kumpelekea barua? Nilimwambia naweza. Ilikuwa ya thelathini na nane kwenye barua za kurudi.

Kabalo tena

Tulifika Kabalo Alhamisi asubuhi ya wiki iliyofuata. Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Jumamosi ya matanga. Kichwa chetu cha treni kilifunguliwa, kikaenda kuvuta treni nyingine iliyoonekana kuwa na haraka zaidi. Nilikuwa ninawalaumu watu wa reli kwa sauti kubwa pale jukwaani, ndipo nikaona mzee mmoja wa Kalemie ninayemfahamu, Papa Bilali muuza ndagala, ameketi juu ya magunia yake akinitazama kama mtu anayemngoja mgeni wake.

"Sasa ndiyo umefika," alisema. "Siku nane niko nakungojea hapa. Nyosha mukono."

Nikanyoosha. Akafungua kitambaa, ndani ya kitambaa nailoni, ndani ya nailoni bahasha chafu. Juu imeandikwa: Papa Ngoy wa simu, Kalemie, mkononi kwa mwenyewe. Bilali alikuwa amepewa na mwenye boti bandarini, aliyepewa na mwenye boti mwingine, aliyepewa na mtu wa hospitali ya Kigoma. Nani ameituma, hakujua. Alifika nyumbani kwangu siku moja baada ya mimi kuondoka. Mke wangu akamwambia ampe yeye. Alikataa. Biashara yake ilikuwa inamleta Kabalo, na kila treni hupita Kabalo, basi akaja nayo.

Nilifungua. Ulikuwa mwandiko wa Sumaili. Alianguka kutoka kwenye lori, akavunjika paja, amelazwa. Aliandika kwamba ananiandikia mimi kwa sababu mkewe hajui kusoma, na hataki Lwamba ndiye amsomee. Halafu mwishoni: "Mwambie mama wa Feza asigombeze watoto tena juu ya ile tochi yake. Niliivunja mimi, nikaificha darini upande wa jikoni. Nimepata muda wa kuwaza hapa."

Nilicheka, kisha nikamgeukia Bilali kwa hasira. "Lakini Papa Bilali! Ungemuachia mke wangu, ingesomwa siku ile ile! Unajua kuna mwanamuke wanataka kumunyoa?"

"Ningejuaje, mi sifungui barua za watu? Wamesema mukononi mwa Papa Ngoy. Bibi yako iko na mukono wake."

Nilikimbia kwa mkuu wa stesheni. Reli ina simu yake ya zamani, ile ya kuzungusha mkono, yenye waya wa kukatika. Alizungusha. Nyunzu wakaitika, Nyunzu wakaita Niemba, Niemba wakaita Kalemie, na ujumbe ukafika: Sumaili yuko hai, Ngoy ana barua, msianze matanga. Ndani ya saa tatu jibu lilirudi kwa njia ile ile. Mtu wa stesheni ya Kalemie alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Feza, akamkuta Lwamba pale na wazee wa ukoo. Lwamba alisema simu ni mdomo tu, kila mtu anajua Ngoy ni rafiki wa nyumba ile. Alete barua yenyewe, waishike. Watangoja hadi Jumamosi, chakula kikiwa tayari watakaa matanga.

Papa Bilali aliposikia hivyo alitikisa kichwa kukubali. "Pale Lwamba hakukosea," alisema. Nilitamani kumsukumia gunia lake mtoni.

Kabalo hadi Kalemie

Mimi na Papa Bilali tulipata nafasi juu ya mahindi kwenye treni ya mizigo, Ijumaa. Ilikwenda vizuri, nami nikaanza kuhesabu stesheni kwa vidole, hadi Jumamosi asubuhi, baada ya Niemba, ikasimama mahali pasipo na stesheni. Palikuwa na nyumba sita na mihogo inakauka. Dereva akashuka na bahasha.

Nilimfuata. Alikuwa na barua ya mkono kwa mama mmoja wa hapo, na mama huyo alikuwa shambani. Ameshatumiwa mtu kumwita.

"Acha kwa jirani!" nilimwambia. "Acha chini ya mulango! Treni nzima inangoja!"

Dereva alinitazama kwa huruma, kama Bwana Olaf alivyonitazama siku ya fomu. Abiria wengine, watu wazima wenye haraka zao, walikaa chini wakaanza kumenya mihogo. Papa Bilali akanivuta shati. "Wewe ukikuwa mwenyewe barua, utapenda wamupe mwingine? Na kama yule jirani ndiyo Lwamba yake?"

Mama alifika na jembe begani, akaipokea barua kwa mikono miwili, akamwomba dereva amsomee. Dereva akamsomea. Tukaondoka na mihogo.

Nilifika mtaani kwetu saa tisa mchana, nikiwa mweupe kwa vumbi la mahindi. Masufuria yalikuwa motoni na mikeka imetandikwa. Mama Feza alikuwa ameketi katikati na kitambaa cheusi kichwani, na shangazi mmoja wa ukoo alikuwa nyuma yake, wembe mkononi, akingoja neno. Nilisimama mbele yao nikasoma barua kwa sauti, hata pale iliposema habari za Lwamba. Mzee wa ukoo akaishika, akaigeuza, akampa mwingine.

"Muntu anaweza kuandika barua," alisema Lwamba. "Hata Ngoy."

Mama Feza alisimama. Aliingia jikoni na kiti, tukamsikia akipanda, tukasikia vumbi la dari likianguka. Alitoka na tochi. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, nayo ilikuwa imefungwa ndani ya kipande cha shati la Sumaili ambalo kila mtu pale alilijua.

Kisha shangazi mwenye wembe akaanza kucheka, akacheka hadi wembe ukamwanguka, na wanawake wote wakamfuata, wengine wanacheka na wengine wanalia.

Lwamba akajaribu mara ya mwisho. "Ile barua ni ya zamani. Labda amekufa kisha ya kuandika."

"Basi nitaenda kumuuliza mwenyewe," alisema Mama Feza, akakivua kile kitambaa cheusi. "Miezi mingapi niko napiga watoto juu ya hii tochi! Mama Ngoy, utalala mu nyumba yangu. Muntu asipande juu ya mabati."

Chakula cha matanga tulikila. Kilikuwa kizuri, na Lwamba ndiye aliyekigharamia.

Ziwani

Kesho yake alivuka na boti ya wafanyabiashara, tochi ndani ya kikapu. Baada ya wiki mbili mke wangu, ambaye alikuwa bado analala kwenye nyumba ile na fimbo kando, aliniita bandarini. Sumaili alishuka kwa magongo mawili, mwembamba, akicheka. Nyuma yake alikuwa Mama Feza, anaendelea na ugomvi ulioanza hospitalini, akautembeza kutoka bandarini hadi mlangoni kwao.

Na wiki iliyopita imefika fomu mpya ya miezi mitatu. Mkutano ule haukuwa bure kabisa, maana wameongeza maswali. Nimeyajibu yote kwa uaminifu, kwa sababu sitaki tena kuwasha taa ya uongo. Mawasiliano yaliyofanikiwa kati ya Kalemie na Kigoma: nimeandika moja. Aina ya kifaa kilichotumika: nimeandika Mama Feza. Ubora wa sauti: nimeandika mkubwa sana, mtaa mzima umesikia.

Nimetia saini, nimeifunga. Mwenye kwenda Lubumbashi miongoni mwenu anipitie hapa kaunta aichukue. Ni ya Bwana Olaf, na asimpe mtu mwingine.